Kurudi kwa gari, peke yako, kwenye mji wa mvua ulioupenda

Mji uliouacha miaka mingi iliyopita umebaki kichwani mwako vilevile ulivyouacha. Wenyewe haukukungoja. Jua likiwaka, tofauti hiyo ni usumbufu mdogo: utapotea, utageuza, utafika. Mvua ikishuka, ndiyo inayolaza watu njiani, hasa aliye peke yake, asiye na wa kumfutia kioo wala wa kushuka kumtazamia kina cha maji.

Tuanze na gari. Anayerudi mara nyingi huazimwa gari la ndugu lililoegeshwa uani miezi mingi, na gari lililolala huonekana zima kuliko lilivyo. Tairi lake laweza kuwa na mifereji yenye kina na bado likawa bovu, kwa kuwa mpira huzeeka hata usipotembea. Tafuta ubavuni mwa tairi maandishi yanayoanza na DOT. Tarakimu nne za mwisho ni tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Likipita miaka sita, likaguliwe kwa makini. Likifika kumi, libadilishwe hata kama linang'aa. Kuhusu mifereji, nchi nyingi huruhusu kina cha milimita 1.6, lakini kwa mvua usishuke chini ya 3. Kazi ya mifereji ni kuyapa maji pa kukimbilia. Yakikosa njia, gari hupanda juu yake na kuelea, na utajua kwa sababu usukani unakuwa mwepesi ghafla. Hapo ondoa mguu kwenye mafuta polepole, shika usukani ulionyooka, usikanyage breki kwa nguvu. Tairi kipara haliokolewi na ufundi wa dereva.

Upepo upime tairi likiwa baridi, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kibandiko cha fremu ya mlango wa dereva. Tairi la akiba nalo lipimwe. Ndilo husahaulika, na ndilo utakalolihitaji kwenye matope. Breki za gari lililolala hukwaruza mara chache za mwanzo kwa kutu, hilo ni la kawaida. Zikiendelea kukwaruza, au gari likivuta upande mmoja unapozikanyaga, kuna kilichoganda, usitoke nalo. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewani, kwa hiyo hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi. Yakiwa na maji huchemka kwenye miteremko mirefu, na pedali huzama hadi chini.

Waipa husema ugonjwa wake zenyewe. Zikiacha mistari myembamba, mpira ni mchafu au umechanika. Zikirukaruka, mpira umekauka. Zikiacha kipande kizima bila kufuta, mkono umepinda au springi yake imechoka. Badilisha kabla ya safari, si katikati yake.

Jambo ambalo wanaotoka nje hawaambiwi: kama ulikokuwa magari hupita kulia na huku ni kushoto, hutakosea penye foleni, maana utafuata wenzako. Utakosea kwenye barabara tupu, unapotoka kituo cha mafuta, au unapokata kona alfajiri. Na katika magari mengi ya Kijapani yenye usukani kulia, indiketa iko mkono wa kulia na waipa kushoto. Mkono uliozoea kinyume utawasha waipa badala ya indiketa, na wa nyuma yako hatajua unakata. Fanya mazoezi uani kwa dakika kumi.

Kioo kikifunga ukungu ndani, chanzo ni pumzi yako na nguo mbichi. Washa kiyoyozi, ambacho hukausha hewa, ongeza joto, na ufungue njia ya hewa ya nje. Ukizungusha hewa ya ndani unauzungusha unyevu uleule. Mwavuli na koti lililolowa viwekwe kwenye mfuko nyuma. Simu ya ramani ipange kabla hujaondoka. Acha angalau sekunde nne kati yako na gari la mbele, na ujihadhari na mvua ya kwanza baada ya kiangazi: inanyanyua mafuta na vumbi vilivyojikusanya, na lami huteleza kuliko baada ya saa nzima ya kunyesha.

Sasa maji. Kumbukumbu hukuponza hapa. Mtaa usiowahi kujaa zamani unaweza kujaa leo, kwa sababu kule juu wamejenga na kumwaga zege na lami, ardhi hainywi tena, na maji yote huteremkia bondeni kwa mara moja. Tazama kuta: mstari wa tope uliokauka ndio kipimo halisi cha mahali hapo. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 30 tu yanaweza kulichukua gari dogo. Yakifika 60 hubeba hata magari marefu ya porini. Yakitembea, geuza. Yakiwa yametulia, subiri gari lingine lipite uone yanafika wapi kwenye gurudumu. Usiyapime kwa miguu, kwani shimo la mtaro lisilo na mfuniko halionekani. Yakizidi kitovu cha gurudumu, usiingie. Yakiwa chini ya hapo na ukaamua kuingia, tumia gia ya kwanza, mwendo wa polepole usiobadilika, bila kusimama. Ukishatoka, gusa breki kidogo mara kadhaa zikauke.

Injini ikizima ndani ya maji, usipige stata tena. Watu wengi huharibu injini hapo hapo: maji hayabanwi kama hewa, hivyo pistoni huyagonga na konrodi, mkono wa chuma unaoishika pistoni, hupinda. Livutwe, fundi afungue plagi na kuyatoa kwanza.

Ukifika, kagua zulia la abiria kwa mkono. Likilowa wakati hukuingia kwenye maji, huenda majani yameziba mashimo ya kutolea maji chini ya kioo cha mbele, na maji yanaingilia kwenye feni. Yasafishe siku hiyohiyo, kabla ya mvua ya usiku.