Nilivyofika hewani kwenye redio ya michezo ya New York

Nilianza kuendesha teksi ya njano New York mwezi Aprili mwaka 2000. Kiingereza changu kilikuwa cha darasani. Gazeti nalisoma, fomu naijaza, lakini abiria akitupa neno moja la haraka huku anafunga mlango, namwomba arudie. Zamu yangu ilikuwa ya usiku, saa 11 jioni hadi saa 11 alfajiri. Gari nilikuwa nakodi kwenye gereji moja ya Long Island City: unalipa hesabu ya mwenye gari kwanza, ndipo unaingia barabarani kutafuta ya kwako. Saa 12 nzima ndani ya Crown Victoria, na mwenzako ni redio.

Redio niliikuta kwenye 660, masafa ya kati. Dereva wa mchana ndiye aliyeiacha hapo. Watu wawili walikuwa wanarushiana maneno, mmoja sauti nzito ya mtu asiyekubali kukosolewa, mwingine sauti nyembamba inayokimbia na kupanda mpaka inakaribia kupasuka. Nilidhani ni ugomvi wa kweli. Nilifika Manhattan kabla sijagundua kwamba wanabishana juu ya mrushaji wa besiboli, yule anayemtupia mpira mwenye gongo, kama alitolewa mapema au alichelewa kutolewa. Ilikuwa WFAN, na wale wawili walikuwa Mike Francesa na Chris Russo, ambao walikuwa pamoja hewani tangu Septemba 1989. Kipindi chao kilianza saa 7 mchana na kuisha saa 12 na nusu jioni, kwa hiyo mimi nilikuwa napata mkia tu, saa moja na nusu. Ulinitosha.

Besiboli nilikuwa siijui hata kidogo. Kilichonifundisha ni saa ya redio yenyewe. WFAN ilikuwa inatoa matokeo kila baada ya dakika 20: saa kamili, dakika ya 20, dakika ya 40, usiku na mchana. Mchezo uleule unasikia habari zake mara tatu kwa saa, na kila mara kimebadilika kitu kidogo. Nikanunua daftari, nikaliweka pembeni ya karatasi ya safari. Jina nisilolijua naliandika kama nilivyolisikia, dakika 20 baadaye nalisikia tena, narekebisha herufi. Neno nisilolielewa namuuliza abiria, na hapo ndipo nilipopata faida ambayo sikuitegemea. Mtu wa New York ukimuuliza habari zake binafsi atakutazama kwenye kioo. Muulize kwa nini kocha amembadilisha mrushaji katika raundi ya 7 kati ya 9, atakueleza mpaka mnafika kwake, na mlangoni atabaki ameshika kitasa anamalizia.

Kwa jinsi nilivyokulia, haya hayakuwa mageni. Dar es Salaam, mtaani kwetu Magomeni, tulikuwa tunausikiliza mpira kwenye Radio Tanzania tukiwa kumi, kumi na tano, tumezunguka redio moja ya mkulima. Ahmed Jongo akipaza sauti, watu wamesimama kabla mpira haujafika golini. Lakini kwetu mtangazaji alikuwa anaeleza, sisi tunabishana barazani baada ya filimbi. Hawa walikuwa wamelichukua baraza lenyewe wakaliweka hewani, saa 24, na wakalifanya biashara.

Historia yake nilisimuliwa na mzee mmoja pale gereji, msimamizi aliyekuwa anagawa funguo. Mzaliwa wa Queens, na redio ndogo haikutoka mezani kwake. Nilikuwa namwita Mzee, nikamweleza maana yake, na yeye akaipenda. Kabla ya WFAN, alisema, kulikuwa na WHN kwenye 1050, redio ya muziki wa kantri, na yenyewe ndiyo ilikuwa na haki za kutangaza mechi za Mets, timu ya besiboli ya New York. Mets walikuwa mabingwa wa mwaka 1986. Kampuni ya Emmis, ya Jeff Smulyan, ikaitazama hiyo na kujiuliza kwa nini michezo iwe ya jioni tu. Tarehe 1 Julai 1987, saa 9 alasiri, muziki ukakatwa, na sauti ya kwanza kusikika ikawa ya mwanamke, Suzyn Waldman, akisoma matokeo.

Mzee alikuwa miongoni mwa waliocheka. Michezo saa 24! Saa 9 usiku nani anasikiliza? Na kweli mwanzo ulikuwa mgumu, fedha zilikuwa zinatoka kuliko zinavyoingia. Kilichoiokoa ni hatua ya Oktoba 1988. Emmis ilinunua redio kutoka NBC, na WFAN ikahamia 660, mahali ilipokuwa WNBC. Pamoja na masafa hayo ikamrithi mtangazaji wa asubuhi, Don Imus, ambaye kipindi chake hakikuwa hasa cha michezo. Watu wakamfuata Imus asubuhi, wakasahau kuzima. Naipenda sana sehemu hii ya historia, kwa sababu inaonyesha kwamba redio haikusimama kwa wazo zuri peke yake. Ilihitaji mnara mzuri na saa ya asubuhi yenye watu.

Na mnara ulikuwa mzuri hasa. Wati 50,000, umesimama High Island, kisiwa kidogo upande wa Bronx. Mchana unasikika mjini na majirani zake, lakini usiku mawimbi ya masafa ya kati yanadunda juu angani na kurudi chini mbali sana. Niliwahi kwenda msibani Maryland, nikiwa barabarani usiku wa manane, na 660 ikawa inakuja na kuzama kama Radio Tanzania ilivyokuwa inatufikia kijijini kwa bibi, Korogwe. Ajabu ni kwamba mjini kwenyewe, ukipita chini ya reli ya juu ya Jerome Avenue, inakoroma mpaka husikii kitu.

Swali la Mzee, saa 9 usiku nani anasikiliza, jibu lake lilikuwa sisi. Madereva, wauguzi, walinzi, waoka mikate. Steve Somers ndiye aliyepewa usiku huo redio ilipoanza mwaka 1987, mtu wa sauti ya taratibu, anayezungumza kama anayekuhadithia jambo jikoni watoto wamelala. Na matangazo ya biashara yalikuwa yanajua hivyo pia: magari, bia, matairi. Mwenye duka la magari anataka wanaume wenye mishahara, redio inamletea. Mtangazaji mwenyewe analisoma tangazo katikati ya mabishano bila kubadilisha sauti, ukistukia umeshasikiliza habari za betri dakika nzima.

Oktoba ile ya 2000 Mets na Yankees wakakutana fainali, mara ya kwanza timu mbili za New York kukutana tangu mwaka 1956. Nikaelewa mara moja. Hii ni Simba na Yanga. Yankees walishinda mechi 4 kwa 1, na mimi, ambaye ni Simba damu, nikajikuta nimeumia upande wa Mets. Sikuchagua. Redio ilikuwa ya Mets, nikawa wa Mets.

Mwaka uliofuata, baada ya Septemba 11, sikulala vizuri kwa muda mrefu. Minara ya runinga iliyokuwa juu ya jengo la World Trade Center ilianguka nalo, redio za masafa ya kati zikaendelea. Kwenye 660 watu walipiga simu, na hakuna aliyezungumzia michezo. Wengine walitaja ndugu zao, wengine walikaa kimya kidogo kisha wakashukuru. Tarehe 21 mwezi ule Mets walicheza Shea, uwanja wao, dhidi ya Atlanta, mechi kubwa ya kwanza mjini tangu siku ile. Raundi ya 8, Mike Piazza akaupiga mpira ukatoka nje ya uwanja, Mets wakaongoza 3 kwa 2, na ikaisha hivyo. Nilikuwa nimeegesha Queens Boulevard. Gari la mbele yangu nalo lilikuwa limeegesha, na la mbele yake. Sote tulikuwa tumeshusha vioo, redio moja inatoka magari matatu. Usiku ule niliamua kwamba siku moja na mimi nitapiga simu.

Kupiga simu kunahitaji maarifa, na yalinichukua miaka. Mara ya kwanza nilisubiri dakika 40, kisha abiria akagonga kioo ana mtoto na mizigo, nikakata. Mara ya pili nikampata mpokea simu, yule anayechuja watu kabla hawajafika kwa mtangazaji. Anauliza jina, unatoka wapi, unataka kusema nini. Jina nilikuwa nalo, Bronx nilikuwa nayo. La tatu sikuwa nalo. Nilitaka tu kusalimia na kusema nawapenda, kama tulivyokuwa tunatuma kadi za salamu Radio Tanzania. Akaniambia kwa upole nipige tena nikiwa na hoja.

Basi nikasikiliza upya, safari hii nikiwasikiliza wapigaji. Wanaokaa hewani muda mrefu wanaanza kwa kusema wao ni wasikilizaji wa siku nyingi na wanapiga kwa mara ya kwanza, basi, salamu imekwisha. Sisi tumelelewa kwamba kuingia kwenye hoja bila kujuliana hali ni kukosa adabu. Ilinibidi nijifunze kwamba pale, kumpa mtu hoja haraka ndiyo heshima, kwa sababu nyuma yako wako kumi kwenye mstari. Nikawa najizoesha peke yangu garini: sentensi moja ya kusema nini, moja ya kusema kwa nini. Jambo jingine nililojifunza ni kuizima redio ukishapokewa. Sauti hucheleweshwa sekunde kadhaa ili matusi yakatwe, na ukijisikia mwenyewe unatoka nyuma, ulimi unafungana.

Ikaja tarehe 19 Oktoba 2006. Mets walikuwa wameshinda mechi 97 msimu ule. Mechi ya 7 dhidi ya St. Louis, mshindi anakwenda fainali. Raundi ya 6 Endy Chávez aliruka ukutani akaudaka mpira uliokuwa umeshatoka, nikapiga honi peke yangu. Raundi ya 9 Yadier Molina akawafungia St. Louis pointi mbili, 3 kwa 1. Mwisho kabisa vituo vyote vitatu vya kukimbilia vimejaa watu wetu, wakisubiri pigo la kuwarudisha wafunge, gongo liko kwa Carlos Beltrán. Adam Wainwright akarusha mpira uliopinda na kushuka, na Beltrán akautazama ukipita. Amesimama. Hakulizungusha gongo, na mechi ikaishia hapo, tumefungwa.

Nikaegesha. Nikapiga. Nilisubiri saa moja na dakika 10, taa ya paa nimeizima watu wasisimamishe. Mpokea simu akauliza nataka kusema nini, nikajibu bila kusita: kwamba watu wanamlaani Beltrán, na mimi nimeshaona kosa hilo kwetu.

Nilipowekwa hewani nilisema hivi. Mwaka 1993 timu yangu, Simba ya Dar es Salaam, ilifika fainali ya Kombe la CAF. Tulitoka sare bila bao Abidjan dhidi ya Stella, tukarudi nyumbani tukijua kombe ni letu, mji mzima umevaa nyekundu. Tukafungwa 2 kwa bila kwenye uwanja wetu. Watu tukatafuta wa kumlaumu miaka na miaka, wakati mtu aliyetuumiza alikuwa na jina lake, Boli Zozo, na alicheza vizuri kuliko sisi. Wainwright naye alirusha mpira mzuri. Mtangazaji akaniuliza kama yale maumivu yaliisha. Nikasema hapana, lakini sasa tunayasimulia. Nadhani yote haikuzidi dakika moja na nusu.

Nikawasha taa ya paa, nikafanya kazi mpaka alfajiri. Niliporudisha gari, Mzee hakuuliza hesabu kwanza. Alinisogezea kalenda ya ukutani na penseli.

“Andika hapa jina la yule aliyewafunga,” akasema, “nilitaka kuliandika mwenyewe, sikujua linaandikwaje.”