Siku Moja Maishani Mwangu: Kibarua Asubuhi, Kuwinda Doshaguma Jioni

Alhamisi, Agosti 22, 2024. Köln, Ujerumani.

Saa 12:00 asubuhi

Nimeamka kabla ya kengele ya simu. Wiki hii ni ya gamescom, maonyesho makubwa ya gemu yanayofanyika hapa Köln tangu 2009, na mimi ni mwanafunzi wa chuo niliyepata kibarua katika banda la kampuni ndogo. Kazi yenyewe ni kupokea watu, kuwaketisha, kuwaelekeza vitufe na kufuta pedi za kuchezea. Zamu inaanza saa mbili na kwisha saa nane mchana. Baada ya hapo muda ni wangu, na nimeshaupangia: Monster Hunter Wilds, gemu ya kuwinda wanyama wakubwa wa kubuni.

Gemu hiyo inatoka mwaka 2025. Ilitangazwa Desemba mwaka jana, na hapa Köln ndipo watu wa kawaida wanaishika mikononi kwa mara ya kwanza duniani. Nimeingoja kwa hamu isiyo ya kawaida. Nimekunywa chai, nikafunga mikate miwili yenye mayai na chupa ya maji, maana chakula cha ndani ya maonyesho kina bei ya kukufunga mdomo.

Saa 1:15

Tramu namba 4 kutoka Wiener Platz imejaa. Mbele yangu amekaa kijana aliyevaa vazi la shujaa wa kivita lililotengenezwa kwa sponji nene na kupakwa rangi ya chuma. Ameukumbatia upanga wake ili usimgonge mama mwenye kitoroli cha mtoto, na mama anamuuliza aliutengeneza vipi. Wameongea njia nzima. Nawapenda sana watu wa Köln kwa jambo hilo.

Saa 2:00

Kabla milango haijafunguliwa kwa umma, kumbi hizi ni dunia nyingine. Mafundi wanakaza waya za mwisho, spika zinajaribiwa, mtu anafagia zulia jeusi lililolazwa jana usiku. Tunawasha kompyuta moja moja na kuangalia kama gemu inaanzia pale inapotakiwa, kwa sababu jaribio la maonyesho lazima lirudi mwanzo kila mchezaji anapoinuka. Tunakagua pia mikanda ya mkononi. Sheria ya Ujerumani inataka umri wa mtu ujulikane kabla hajaketi mbele ya gemu iliyowekewa kikomo cha umri, hivyo kila mgeni huvaa mkanda wa rangi inayoonyesha kundi lake.

Saa 4:00 hadi saa 8:00 mchana

Milango imefunguliwa na watu wameingia wakikimbia. Walinzi wanapaza sauti, "Tembeeni, tembeeni," lakini nani anasikia.

Saa hizi nne zimepita haraka, ila kuna kitu kazi hii imenifundisha. Ukitaka kujua kama gemu ni nzuri, usisikilize anachosema mtu anapoinuka, kwa sababu karibu wote ni waungwana na watasema nzuri. Angalia mikono. Aliyeshikwa na gemu huacha kuutazama mkono wake mapema sana, vidole vinajiendea vyenyewe, na mwili unainama mbele. Asiyeshikwa anaendelea kukagua pedi, halafu anatazama saa. Leo mchana ameketi kwangu mzee mmoja mwenye mvi, amecheza kimya, na muda ulipokwisha akaomba kwa adabu kama anaweza kurudi mwisho wa foleni. Amerudi kweli.

Nimefuta pedi ya mwisho, nimesaini karatasi, nimemkabidhi mwenzangu wa zamu ya mchana.

Saa 8:20 mchana

Foleni ya Monster Hunter inazunguka ukuta wa banda, inakunja kona, inapotea nyuma ya banda jingine. Mhudumu ameshika bango la kuonyesha mwisho wa mstari. Beji yangu ya kazi hainipi haki ya kumkatiza mtu, nami nisingependa inipe. Nimesimama nyuma ya bango.

Wazoefu wamekuja na viti vya kukunja. Wengine wameketi chini wakicheza toleo la zamani kwenye mashine ndogo za mkononi, wanne wanne, wakiitana kwa sauti. Ndivyo mfululizo huu ulivyokua. Ulianza 2004 kwenye PlayStation 2, lakini kilichoupandisha Japani ni PSP, mashine ya mkononi, pale marafiki walipoanza kukutana na mashine zao, kuziunganisha na kuwinda pamoja. Toleo la World la 2018 ndilo lililoubeba hadi huku kwetu sote, na limeuza zaidi ya nakala milioni 20.

Nyuma yangu kuna kijana anaongea na simu: "Buda, hii line haisongi hata kidogo." Nimegeuka nikacheka. Amekata simu.

"Wewe ni wa Bongo, dada?"

"Wa Mugumu, Serengeti. Wewe?"

"Nairobi, Umoja. Lakini sasa niko Düsseldorf, nafanya kazi ya stoo."

Basi saa zimepata mwenzi. Tumeongea kuhusu vibanda vya gemu tulivyokulia, yeye Umoja, mimi Mwanza nilikosomea sekondari. Tumegundua kwamba si yeye wala si mimi aliyewahi kuona mtu akicheza RPG, yaani gemu ya kuishi uhusika, kibandani, na sababu yake iko wazi. Kibandani unalipia muda. Hela yako ni ya mechi moja ya mpira au nusu saa, na nyuma yako kuna watu sita wanangoja. Gemu ya kuishi uhusika wa mtu, kumkuza kidogo kidogo, kusikiliza wanakijiji, kuhifadhi na kurudi kesho, hiyo inataka mashine yako mwenyewe na jioni zako mwenyewe. Aina nzima ya gemu ilitupita kwa sababu ya namna tulivyolipia. Mimi nimekutana nayo ukubwani, na labda ndiyo maana naipenda kwa nguvu hivi.

Akaniuliza swali ambalo limebaki kichwani: kama RPG inataka saa mia, unaijaribuje kwa dakika chache za maonyesho? Kwa nyingi, haiwezekani. Wanakupa kipande cha hadithi usiyoijua mwanzo wake, unaambiwa uchague upande kati ya watu wawili ambao hujawahi kuwaona, halafu taa inawaka na unainuka. Humo kwenye maonyesho upo pia mchezo wa Kingdom Come: Deliverance II, wa Bohemia (Ucheki ya leo) ya mwaka 1403, na huo ni mchezo ninaoamini utahitaji kuusubiri nyumbani. Monster Hunter ni tofauti. Windo moja lina kila kitu: maandalizi, safari, mnyama, silaha, wenzako. Ukicheza windo moja kwa makini umeuonja mchezo mzima.

Tumegawana mkate wa mayai. Yeye alikuwa na karanga.

Saa 11:30 jioni

Tumeingia. Mimi, Mnairobi, na marafiki wawili wanaozungumza Kipolandi. Pedi bado ina joto la mikono ya aliyetangulia, na mhudumu ameipitisha kitambaa kama nilivyofanya mimi asubuhi nzima. Headifoni masikioni, na kelele zote za ukumbi zimekatika.

Aina za silaha ni 14. Nimechukua upanga mkubwa, ule mrefu kuliko mwili wa mwindaji mwenyewe, kwa sababu hakuna silaha inayokueleza ukweli wa gemu kama hii. Ni nzito. Ukianza kuuinua umeshaamua, na mnyama ana muda wa kutosha kukuadhibu. Safari hii wameongeza namna ya kulenga: unabonyeza kitufe, macho yako yanaelekea pale unapotaka, na unaweza kugeuza pigo hata ukiwa umeshaupandisha upanga begani. Mnyama akipigwa sehemu moja mara kwa mara, ngozi inafunguka jeraha lenye mng'ao mwekundu, na jeraha hilo ukilipiga kwa pigo maalumu linapasuka na mnyama anayumba. Nilipolipasua la kwanza, pedi ilitetemeka mpaka kwenye viwiko. Nilisikia uzito. Video zote nilizotazama hazikunionyesha hilo.

Windo letu lilikuwa la Doshaguma, mnyama mwenye mwili wa dubu na shingo iliyojaa manyoya. Hatembei peke yake. Wanakuja kundi zima nyikani, vumbi linapanda, na kiongozi wao yupo katikati. Ukijitosa hivyo hivyo wanakukanyaga. Kwa hiyo unawatupia vibonge vya samadi, harufu inawatawanya, na yule unayemtaka anabaki peke yake.

Hapo nikapiga kelele kwa furaha. Kwetu pembezoni mwa hifadhi, wakulima huchoma samadi iliyochanganywa na pilipili ili moshi wake uwafukuze tembo shambani. Nimekua nikiusikia moshi huo. Sijui kama waliotengeneza gemu hii huko Japani wanajua kuna watu wanaofanya hivyo kwa ajili ya mahindi yao, lakini wameelewa jambo la msingi: anayeishi karibu na wanyama wakubwa hapambani nao kwa nguvu kwanza. Anawasoma, anajua wanachokichukia, anawapa njia ya kuondoka. Gemu nyingi zina majini ya kuua tu. Hawa wana kundi, wana mkubwa wao, wana sababu ya kwenda wanakokwenda.

Tumempata wetu kwenye kona ya miamba. Mnairobi alikuwa na tarumbeta la kuwindia, linalopiga na papo hapo kuwapa wenzake nguvu kwa muziki wake, na kila alipomaliza wimbo nilihisi mwindaji wangu amechangamka. Mwindaji wa mmoja wa Wapolandi alizimia, kisha tena. Tukizimia mara tatu kwa jumla, windo limekwisha. Tulipunguza pupa bila mtu kusema neno. Nikampanda Seikret, mnyama wa kupanda mwenye manyoya ya ndege, nikaunoa upanga nikiwa mgongoni mwake huku anakimbia, kitu ambacho zamani kilikulazimu kusimama na kuchuchumaa katikati ya hatari. Nikarudi, nikapandisha pigo hadi mwisho, na Doshaguma akaanguka.

Wote wanne tuliinua mikono. Mpolandi aliyezimia mara mbili alinipa tano.

Kuna jambo moja halikunifurahisha, na nalisema kwa sababu naijali gemu hii. Seikret anajua mwenyewe njia ya kwenda kwa mnyama. Unakaa tu. Kwenye World nilipenda kuokota nyayo, kufuata alama kwenye miti, kukisia. Nusu ya uwindaji ni kutafuta, na mtu aliyekulia Mugumu hawezi kulipuuza hilo. Natumaini gemu kamili itampa mchezaji sababu ya kushuka na kutembea kwa miguu yake.

Saa 2:00 usiku

Ukumbi unafungwa. Mnairobi amepanda treni ya Düsseldorf. Tumepeana namba, na tumeahidiana kuwinda pamoja mwakani, yeye na tarumbeta, mimi na upanga.

Saa 4:00 usiku

Nimemrekodia mdogo wangu aliye Mwanza ujumbe mrefu wa sauti. Amejibu kwa swali moja tu: "Dada, itaingia kwenye PS4 yangu?"

Nimemwambia ukweli. Haitaingia; ni PS5, Xbox Series na kompyuta yenye nguvu. Lakini World inaingia kwenye yake na bei yake imeshuka sana, basi aanze na hiyo. Nimemtumia hela ya kuinunua sasa hivi, na nimemwelekeza achague upanga mkubwa.