Waliolala 310, waliokula 520

Saa sita usiku ndiyo saa niliyokuwa naiogopa kuliko zote. Hapo wasimamizi wa makazi ya muda hupita na tochi katikati ya magodoro wakihesabu waliolala, kisha wanapiga simu mmoja baada ya mwingine. Mimi nilikuwa kwenye kituo cha operesheni za dharura, chumba kisicho na dirisha, nimesimama mbele ya ubao mweupe naandika tarakimu zikiwa bado mbichi: makazi namba 1, namba 2, hadi namba 6. Dawati langu liliitwa la makazi na chakula. Tangu nikabidhiwe dawati hilo sijakoroga sufuria hata moja wala kutandika godoro.

Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia nilihusika kulisha wenzetu zaidi ya elfu moja wakati wa mafuriko, hudhani nilikuwa na mwiko mkononi. Nilikuwa na simu mbili, redio ya upepo, na kalamu ya ubao iliyokuwa inakata roho.

Mpangilio wa chumba kile ni ule unaotumika sehemu nyingi duniani. Chimbuko lake ni moto wa misitu wa California mwaka 1970, pale vikosi vingi vilipojikuta kwenye tukio moja, kila kimoja na mkubwa wake, misamiati yake na masafa yake ya redio. Ndipo ikatengenezwa namna moja ya kugawana kazi: operesheni, mipango, ugavi, fedha. Mmoja wa miiko yake ni kwamba mtu mmoja asisimamie zaidi ya watu 7, na wanaofaa hasa ni 5. Mimi nilikuwa na makazi 6 na jiko kuu 1. Hapo bado sijamhesabu kaka wa magari, ambaye alikuwa wa ugavi lakini kila tatizo lake lilikuja kulala mezani kwangu.

Usiku wa kwanza tarakimu zilikuja hivi: 240, 310, 175, 118, 190, 107. Jumla 1,140. Nilijiona nimeiweza kazi. Jiko kuu lilihitaji kujua kabla ya saa saba usiku, maana kupika chakula cha moto kwa watu wengi kiasi hicho si jambo la saa moja. Vitu vitolewe stoo, maji yachemke, masanduku ya kutunza joto yasafishwe, magari 3 yapangiwe njia ambazo hazijafunikwa na maji. Nikaagiza sahani 1,200 za mchana: 1,140 za waliolala, na 60 za akiba. Nikazigawa kwa kila makazi kulingana na waliolala. Makazi namba 2 ikapata 325, namba 5 ikapata 200. Nikanywa maji, nikakaa.

Saa saba mchana simu ya makazi namba 2 ikalia.

“Dada, foleni imefika getini na masanduku yameisha.”

“Yameishaje? Kwako wamelala 310.”

“Waliolala ni 310. Hawa wanaokula sijui wamelala wapi.”

Walikuwa wapata 520. Nilimwambia ahesabu tena, neno ambalo mpaka leo nalijutia, kwa sababu mtu aliyesimama mbele ya watoto wenye njaa hahitaji kusikia kwamba amehesabu vibaya. Alikuwa amehesabu sawasawa. Mimi ndiye niliyeuliza swali lisilo lake.

Watu wale walikuwa nani? Wengi walikuwa na nyumba ambazo paa na kuta zimebaki, ila jiko limezama na akiba ya chakula imeoza. Wanalala kwao, au kwa ndugu, au ghorofani kwa jirani. Kwa nini waje kubanana kwenye ukumbi? Lakini pa kupikia hawana. Wengine walikuwa wa boti za uokoaji, mafundi wa umeme, na wale vijana wa kujitolea waliokuwa wanabeba magodoro tangu alfajiri. Hao wote hawamo kwenye hesabu ya saa sita usiku, na wote wana matumbo.

Upande wa pili wa mji, makazi namba 5, mambo yalikuwa kinyume. Watu 190 walilala pale, lakini maji yalikuwa yameanza kushuka mtaani kwao, basi kulipokucha wakachukua mafagio na ndoo wakaenda kuchota matope, wakafuatana na watoto. Waliokula mchana walikuwa 70. Sahani 130 zikabaki. Msimamizi, kwa nia njema kabisa, akasubiri akijua watarudi tu. Alinipigia saa tisa kasoro. Masanduku yalifunguliwa saa sita na nusu na vifuniko havikurudishwa. Chakula cha moto kinatakiwa kikae juu ya nyuzi 60 za Selsiasi, na kilichopoa kisiachwe hivyo zaidi ya saa mbili. Kipimajoto kilisoma 41. Nikamwambia akimwage.

Kumwaga chakula cha watu 130 wakati kwingine watu karibu 200 wameondoka kwenye foleni mikono mitupu: hiyo ndiyo siku niliyojifunza kazi yangu. Na hakuna aliyekosea zaidi yangu. Jiko lilipika nililoagiza, magari yalifika kwa wakati, wasimamizi walinipa hesabu niliyoomba.

Jioni ile nilifuta ubao nikachora upya. Badala ya safu moja ya waliolala, nikaweka safu ya waliolala, waliokula asubuhi, waliokula mchana, waliokula jioni, na ya mwisho ambayo wenzangu waliicheka: “unadhani kesho?” Waliona si kitu cha kuandikwa kwenye ubao wa serikali. Lakini msimamizi aliyeko pale ndiye anayesikia watu wakisema kesho tunakwenda kusafisha, au kesho ndugu zetu wanakuja kutoka ng’ambo ya mto. Dhana yake ina thamani kuliko hesabu yangu safi ya usiku. Kisha nikaweka sharti moja kwa kila makazi: nusu saa baada ya masanduku kufunguliwa, nipigie, hata kama hakuna tatizo. Nusu saa inatosha kuona foleni inakwenda wapi, na chakula cha ziada bado kina moto wa kuhamishwa.

Swali langu la redio likawa moja tu: “Umehesabu vichwa au sahani?” Opereta wa redio alifikia hatua ya kuliuliza kabla yangu.

Nikiwa hapo hapo kwenye hesabu, niseme na la kumbi. Kwenye orodha niliyorithi, makazi namba 4 iliandikwa inachukua watu 400. Nilipomtuma mtu na futi ya kupimia, ukumbi ulikuwa mita 28 kwa 15, yaani mita za mraba 420. Viwango vya Sphere, ambavyo mashirika ya misaada yalianza kuviandaa mwaka 1997, vinataka angalau mita za mraba 3.5 za sakafu kwa kila mtu. Gawanya: watu 120. Ile 400 ilikuwa hesabu ya viti siku za mikutano. Mtu aliyekaa kwenye kiti ananyanyuka baada ya saa mbili. Aliyelala na mama yake mgonjwa, watoto wawili na mabegi yaliyookolewa hanyanyuki. Bahati yetu usiku wa kwanza walilala 118. Ingekuwa bahati mbaya, ningewaelekeza watu 400 pale kwa moyo mkunjufu kabisa, nikiamini karatasi.

Choo ndiyo hesabu nyingine inayosahaulika mpaka itoe harufu. Mwanzoni kabisa wa dharura unaweza kuvumilia choo 1 kwa watu 50, lakini lengo ni 1 kwa watu 20. Na maji: lita 15 kwa mtu kwa siku, za kunywa, kupikia na kuoga. Kwa watu wetu 1,140 hizo ni lita 17,100, wakati gari letu la maji lilibeba 10,000 kwa safari. Safari mbili kila siku, na hapo sijagusa watu wanaokuja kula tu, ambao nao watanawa mikono. Unaona ile safu yangu ya sahani ilivyoanza kutambaa hadi kwenye safu ya maji.

Siku ya tatu ikaja shehena ya msaada ya maziwa ya unga ya watoto wachanga, na chupa zake. Nilikataa yasigawiwe kwenye foleni, na nilichukiwa kidogo kwa hilo. Maziwa hayo kwenye maji machafu na chupa isiyochemshwa huleta kuhara, na mama anayenyonyesha akipewa bila kuulizwa anaweza kupunguza kunyonyesha, kisha kopo likiisha hana pa kurudi. Kwa watoto wachache ambao kweli hawakuwa na mama wa kuwanyonyesha, mhudumu wa afya alishughulikia mmoja mmoja. Mfadhili alitaka picha ya ugawaji. Hakuipata.

Jambo jingine lililonikera, na hili nalitaja kwa haraka, ni ombi moja kuja kwa njia tatu. Msimamizi anapiga simu kuomba blanketi 80, hajibiwi haraka, anaomba kwa redio, kisha anamwambia kiongozi wa mtaa, naye anampigia mkuu wa kituo. Mezani zinaonekana blanketi 240. Tukaanza kuliandikia kila ombi namba, na asiye na namba hana ombi, awe mkuu au nani. Mkuu wa kituo mwenyewe alikuwa wa kwanza kurudishwa akachukue namba. Alicheka, nikapumua.

Kufikia siku ya 11 ubao ulikuwa umepungua. Makazi namba 4 na 6 tulizifunga, namba 1 na 3 zikaunganishwa, namba 5 ikabaki tupu yenyewe. Usiku ule msimamizi wa makazi namba 2 alipiga saa sita kamili.

“Waliolala ni 4, dada. Familia moja, na kesho asubuhi wanaondoka. Tufunge?”

“Sahani ngapi leo jioni?”

Akakaa kimya, nadhani alikuwa anafungua daftari. “61.”

Asubuhi tulikunja magodoro, tukarudisha funguo za ukumbi. Sufuria tukaziacha palepale uani, chini ya turubai, na zilipika kwa siku 9 zaidi.