Friji ya vyungu: Dodoma inafanya kazi kuliko Dar

Kama uko Dodoma na huna friji, au unayo ila luku inakata kila saa, tengeneza hii kitu jamani. Unachukua vyungu viwili vya udongo, kikubwa na kidogo kinachoingia ndani yake, visiwe vimepakwa rangi maana udongo lazima upitishe maji, unajaza mchanga katikati, unaumwagia maji mpaka uloane vizuri, alafu nyanya na mchicha unaweka ndani na kufunika na kitambaa kilicholoa. Weka kivulini penye upepo, basi.

Sayansi yake ndo naipenda sana. Maji yakigeuka mvuke yanahitaji joto, karibu kilojuli 2,400 kwa kila lita, na joto hilo yanalivuta kwenye chungu chenyewe. Hewa ikiwa kavu yanapaa haraka, na huku kwetu Juni mpaka Oktoba hewa ni kavu kweli, ndo maana pwani kwenye unyevu haipoi hivyo. Mwalimu wa Nigeria, Mohammed Bah Abba, aliiboresha miaka ya 1990 akapata tuzo ya Rolex mwaka 2000, na kaskazini kwao nako kukavu.

Mwenye watoto awape vipimajoto viwili, kimoja wakizungushie pamba iliyoloa kingine kikae kikavu, waandike tofauti asubuhi na saa nane mchana, wataona wenyewe pengo linavyokua jua likipanda. Ila nyama na maziwa msiweke, ubaridi wake haufiki huko. Mchanga unywesheni maji asubuhi na jioni.