Kinyesi cha mbwa kiokotwe siku hiyohiyo

Mvua za Mbeya zikianza, kinyesi kilichoachwa njiani huishia mtaroni, kisha mtoni. Kiokote kikiwa kibichi. Mayai ya Toxocara (minyoo ya tumboni ya mbwa) huhitaji wiki mbili hivi au zaidi udongoni kabla ya kuambukiza, na baridi huyachelewesha. Yakishakomaa hudumu miaka, hata kinyesi chenyewe kikiwa kimepotea. Minyoo ya safura ya mbwa ina haraka zaidi: ndani ya siku chache lava (mnyoo mchanga) yuko tayari kupenya mguu mtupu wa mtoto.

Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku mwaka 2019, kwa hiyo beba kurasa mbili za gazeti na mfuko wa kaki. Mbwa akiharisha, gazeti litachanika. Mwagia konzi mbili za vumbi la mbao (huku kwetu halikosekani), subiri dakika moja, zoa kwa koleo.

Nyumbani, fukia sentimita 30 kwenda chini, mbali na kisima na tuta la mchicha. Usitie kwenye mboji: ya nyumbani haipati joto la kuua mayai. Mbwa mzima mpe dawa ya minyoo kila miezi mitatu.