Jumamosi ya baiskeli kwenye mashamba ya zabibu

Toka nihamie Dodoma (mi ni wa lile kundi lililohamishwa na serikali kutoka Dar) zabibu nilikuwa nazijua zile za stendi tu, basi likisimama unasukumiwa dirishani mfuko kabla hujasema unataka au hutaki. Mashamba nilikuwa nayaona kwa mbali nikiwa kwenye gari la ofisi. Jumamosi nikasema leo naenda na baiskeli, peke yangu, barabara ya Iringa mpaka Mpunguzi halafu kurudi nipite njia za ndani upande wa Matumbulu, vumbi tupu.

Nimetoka alfajiri. Baridi ya Dodoma ya mwezi wa nane ukimsimulia mtu wa pwani anaona unamdanganya, vidole vilikuwa vimeganda kwenye breki yaani sivisikii kabisa. Ukishaipita Mkonze mji unaanza kuachia, inabaki mibuyu isiyo na jani hata moja na miamba na upepo, na upepo wa msimu huu unatoka kusini mashariki kwa hiyo kwenda unakupiga usoni na ubavuni, unakanyaga kama uko kwenye mlima na barabara imenyooka. Ila mawazo ya ofisini yaliisha hukohuko Mkonze, sikuyaona tena.

Bihawana nilipumzika karibu na misheni. Wamisionari wa Kiitaliano ndo walioleta zabibu huku miaka ya 1950, wanasema kwa ajili ya divai ya misa, na nadhani hata wao hawakutegemea itafika hapa ilipofika. Kitu kinachonishangaza ni kwamba huku wanavuna mara mbili kwa mwaka, mwezi wa tatu na huu wa nane kwenda wa tisa. Ulaya ni mara moja, baridi ikija mzabibu unalala. Huku wa kuulaza hakuna, ukishavuna unaupumzisha kidogo, unapogoa, miezi kama minne mbele unarudi na kisu.

Shida ilianza nilipoiacha lami. Kwenye makorongo mchanga unameza tairi, unashuka unasukuma, poa tu, lakini mbigili! Jamani mbigili za Dodoma. Nikasimama nikawa nazing'oa kwenye tairi moja moja kwa kucha, kavu, ngumu, kila moja na miba yake imekaa kimtego, unatoa hii kimya, unatoa hii kimya, ya tatu psssss. Basi.

Nilikuwa pembeni ya shamba wanavuna. Mzee mwenye shamba akaniona nimegeuza baiskeli miguu juu, nikamwamkia shikamoo akaitikia marahaba, akatuma mtoto alete beseni la maji tutafute tundu lingine maana alisema mbigili haitobi mara moja. Kweli, yalikuwa mawili. Nikatoa viraka na solusheni, tunasubiri ikauke, mzee anaiangalia baiskeli.

"Umepeleka mzigo wapi?"

Sina mzigo mzee.

"Unakwenda kwa nani?"

Siendi kwa mtu, nazunguka tu nione mashamba.

Akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo unaendesha tu." Halafu akacheka mpaka wamama waliokuwa wanakata zabibu wakageuka.

Wakati huohuo akapita kijana na baiskeli ya kichina, haina gia, nyuma kreti tatu za zabibu zimefungwa kwa vipande vya tyubu, anasimamia pedeli kwenye mchanga uleule ulionishusha mimi na gia zangu zote. Nimelifikiria hilo njia nzima. Dar nikisema niko mazoezini kila mtu anaelewa, huku baiskeli isiyo na kitu kwenye karia ni swali, na mi hata karia sina. Sikujisikia vibaya lakini, sijui kwa nini, nadhani ni kile kicheko, hakikuwa cha dharau.

Mzee mwenyewe hakuwa na muda wa kunifikiria. Zabibu ikishakatwa haisubiri mtu, na mnunuzi anajua hivyo, ndo maana bei anaipanga yeye. Wanaoweza wanakamua wanauza mchuzi wa zabibu kwa viwanda, walau mchuzi unakaa kwenye tanki ukitafuta mteja, ila tanki nalo ni hela. Hilo alilisema bila kucheka.

Akanipa za kuonja, ndogo nyeusi, ganda gumu, mbegu kibao, tamu mpaka vidole vinanata na nyuki wananifuata. Nikanunua kilo mbili nikaziweka kwenye begi la mgongoni.

Kurudi upepo ulikuwa nyuma yangu, sehemu nyingine sikanyagi kabisa, nateleza tu. Na kila kijiji ni swali lilelile, unatoka wapi, umebeba nini. Safari hii nilikuwa na jibu, maana zabibu zilishapondeka na maji yake yananitiririka mgongoni, wanaona wenyewe. Safari ijayo ni Hombolo, upepo ukipungua.