Teke la punda kwenye paji la mwanangu

Kwetu Lamu magari hayapiti vichochoroni. Mchanga, simiti na mawe ya kujengea vyote hubebwa na punda, na watoto hukua wakipishana nao ukutani. Teke la paja kila nyumba inalo la kusimulia. Mwanangu wa miaka minne lake lilimpata kwenye paji la uso, alipopita nyuma ya punda wetu wakati tukimvua shogi, yaani matandiko yake ya kubebea mzigo. Punda haoni kilichosimama moja kwa moja nyuma ya mkia wake.

Alilia palepale, nami nikamshukuru Mungu kwa kile kilio. Nilipomfuta damu nikaona juu ya nyusi mfupa umebonyea, kama donge la mahamri lililotiwa dole gumba. Hapo sikupagusa. Niliweka kitambaa safi juu bila kukandamiza, nikamlaza shingo ikiwa imenyooka, na mama yake nikamwambia asimpe hata tone la maji, kwani huenda akahitaji nusukaputi.

Hospitalini waliuliza mambo yaleyale mara kwa mara: Alizirai? Ametapika? Kuna maji yasiyo na rangi yanayotoka puani au masikioni? Amekutambua? Wakamdunga sindano ya pepopunda, maana kwato hutembea kwenye kinyesi na kidonda kilikuwa wazi, wakaanza na dawa za kuua vijidudu kwa dripu. Kisha rufaa ya Mombasa: boti hadi Mokowe, halafu ambulensi. Mafuta tulichangia wenyewe, hayo tuyaache. Muuguzi alimmulika machoni kwa tochi njia nzima, akitazama kama mboni mbili zinalingana.

Picha ya CT ilionyesha kipande cha mfupa kimezama zaidi ya unene wa fuvu lenyewe. Daktari alisema ufa mwembamba usiosogea huachwa ujiunge wenyewe, mtoto akiangaliwa tu. Huu wetu ulizama, tena ngozi imepasuka, basi lazima asafishe, ainue mfupa na kukagua utando wa ubongo. Utando ulikuwa mzima. Alhamdulillahi.

Kazi yenyewe ilianza tuliporudi nyumbani. Kila mgeni alikuja na dawa yake: maji ya moto na chumvi, mafuta ya habasoda, kitambaa cha kukandia. Kukanda mfupa uliovunjika kichwani ni kutafuta balaa, lakini utamwambiaje mama mkwe? Nilimpa kazi. Daktari alitaka mtoto aangaliwe usiku, aamshwe na kuulizwa maswali. Nikamwambia mama kazi hiyo haiwezi mtu mwingine. Akawa anamwamsha, "Mimi nani?" Naye kwa hasira, "Bibi! Niache nilale!" Bibi akitosheka analala. Maumivu tuliyatuliza kwa parasetamoli, kwa uzito wake kama tulivyoandikiwa. Mpira, kupanda ukuta na kuruka gatini vilipigwa marufuku mpaka daktari aliporuhusu, na hilo lilikuwa gumu kuliko upasuaji. Tuliambiwa akipata degedege, akitapika mfululizo, au akiwa mzito kuamka, tusisubiri asubuhi.

Watu walinishauri nimuuze punda. Mimi nilimpeleka kwenye kliniki ya punda, ile iliyofunguliwa hapa Lamu mwaka 1987. Chini ya shogi kulikuwa na kidonda mgongoni. Ndiyo maana alirusha teke alipoguswa. Nikiwa pale nikamuuliza mganga wa wanyama, je, punda mwenyewe akipigwa pajini? Akasema punda na farasi wana uwazi mkubwa wa hewa nyuma ya mfupa wa paji, na ubongo wao umekaa nyuma zaidi. Mfupa ukibonyea pale, mara nyingi utaona damu puani, au hewa ikitambaa chini ya ngozi, na huenda ubongo usiguswe. Mtoto mdogo hana nafasi hiyo: nyuma ya paji lake ni ubongo moja kwa moja. Nilikuwa nimeishi na punda maisha yangu yote na hilo sikulijua.

Kidonda cha mgongo kimepona, na shogi tumelitandika gunia laini. Siku hizi tunamvua mzigo mkia ukiwa umeelekea ukutani, asiweze mtu kupita nyuma, na mvulana wangu anaruhusiwa kumpa majani, ila kwa mbele.